Mtwara Kuchele, Ila Kampuni Bado Zinakoroma

Msimu wa korosho ukifunguka na minada ikianza, hela inatembea Mtwara. Bodaboda anabadilisha tairi zote mbili kwa mpigo, fundi bati hapokei simu, harusi zinapangwa kila Jumamosi. Na hapo hapo ndipo msafara unapotua. Fuso lenye spika, vijana wenye fulana za rangi moja, na staa mmoja aliyeshuka na ndege ya asubuhi kutoka Dar.

Jina la staa halina haja ya kutajwa. Kwanza mashabiki wake wana hasira za karibu. Pili, siyo mtu mmoja, ni aina ya mtu. Mwaka huu ni wa Bongo Fleva, mwaka ujao ni mchekeshaji, mwaka mwingine ni dada ambaye kazi yake hakuna anayeijua vizuri ila Insta ana wafuasi wa kutosha kujaza mkoa. Anapanda jukwaani, anauliza "Mtwara mpoooo?", ananyanyua pakiti ya bidhaa, anasema anaitumia kila siku, anapiga picha na watoto, jioni yuko angani anarudi zake. Ukimuuliza Ligula iko upande gani anaweza kukuonyesha baharini.

Kampuni hapo imetoa mkwanja wa maana. Wiki mbili baadaye bidhaa iko pale pale kwenye rafu za maduka ya Soko Kuu, ina vumbi, na meneja masoko anaandika ripoti kwamba watu wa Kusini ni wagumu.

Watu wa Kusini siyo wagumu. Kampuni zimechelewa tu, na zinachelewa kwa sababu zinanunua umaarufu zikidhani zimenunua ujuzi. Mtu akishakuwa maarufu kiasi cha kuwekwa kwenye bango, ile kitu iliyompa umaarufu imeshaanza kuzeeka. Anayejua kinachokuja kesho ni yule anayeitumia bidhaa mpaka inakatika mkononi mwake: mwanamichezo, mvuvi, mtaalamu wa maabara, fundi. Hawa ndio wa kuwauliza mapema. Ila bongo hii wanaitwa mwisho, tena wakisimame nyuma ya staa kwenye picha.

Ushahidi uko mpirani, kila mtu aliuona kwa macho yake.

Mwaka 2019 Rayvanny na Diamond walitoa Tetema. Wimbo ukapiga, ukachezwa mpaka kwenye vipaimara, halafu kama kawaida watu wakahamia kwingine. Mwaka 2021 Yanga ikamleta straika kutoka Kongo, Fiston Mayele. Jamaa akawa kila akifunga anatetema. Na alikuwa anafunga sana. Msimu wa 2022/23 alimaliza akiwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika, mabao 7, Yanga ikafika fainali na USM Alger. Wimbo ambao chati zilishausahau ukafufuka kwa miguu ya mchezaji. Watoto wa chekechea wakatetema, mashangazi kwenye sherehe wakatetema. Hakukuwa na kikao cha masoko kilichopanga hilo. Tangazo lolote lililokuja kuiga baadaye lilikuwa linaiga kitu ambacho mtoto wa darasa la pili alishakichoka.

Sasa angalia walivyofanya Yanga wenyewe mwaka uliofuata, maana hapo kuna akili. Tarehe 24 Februari 2024 walikuwa na mechi ya Ligi ya Mabingwa na CR Belouizdad ya Algeria pale Benjamin Mkapa. Kitengo cha habari cha klabu kikaiita siku hiyo Pacome Day, kwa jina la kiungo wao kutoka Ivory Coast, Pacôme Zouzoua, ambaye alikuwa na nywele zake zilizopakwa bleach mbele. Mashabiki wakaambiwa wapake kama yeye. Wakapaka. Watu wazima wenye familia wakapaka. Yanga ikashinda 4-0, ikaenda robo fainali, na vichwa vya njano vikazagaa kila kona.

Uzuri wa ile siku ni kwamba klabu haikumtengenezea mchezaji mtindo. Ilimwangalia, ikaona ana kitu ambacho vijana tayari wanakipenda, ikakipa tarehe na jina. Muda wote huo hakuhitajika mtu wa kusema uongo jukwaani. Na aliyepiga hela ya haraka zaidi ni kinyozi wa mtaani, siyo kampuni kubwa ya vipodozi yenye ofisi ya ghorofa kumi. Kinyozi alijua kwa sababu wateja walimwambia. Kampuni kubwa ilijua kwa sababu iliona mtandaoni, na kufikia hapo bleach imeshauzwa.

Ukitaka kuona jambo hili likifanywa kwa ukubwa wake, toka Mtwara nenda mpaka Kaptagat, Kenya, kwenye kambi ya Eliud Kipchoge. Nike hawakumpa Kipchoge kiatu avae apige picha tu. Walimpa kiatu ambacho hakijaingia dukani. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Rio 2016 alichukua dhahabu akiwa na kiatu cha majaribio, na wale wawili waliomfuata jukwaani walikuwa na aina hiyo hiyo. Kiatu kikaingia sokoni mwaka uliofuata kwa jina la Vaporfly. Yaani mwaka mzima kabla ya mtu wa kawaida kukishika, miguu mikali kuliko yote duniani ilikuwa imeshakipima barabarani. Oktoba 2019 kule Vienna akakimbia marathoni kwa saa 1:59:40, akiwa na kiatu kingine ambacho nacho kilikuwa bado hakijatoka. Ile siku haikuhesabiwa kama rekodi rasmi, ilikuwa imepangwa maalumu na wasindikizaji wa kubadilishana, lakini nani alijali? Dunia nzima iliangalia miguu yake.

Ilifika mahali Shirikisho la Riadha la Dunia likaingilia kati. Januari 2020 likaweka sheria: soli ya kiatu cha marathoni isizidi milimita 40, sahani ngumu ndani ya soli iwe moja tu, na kiatu cha mashindano kiwe kimeshakaa sokoni miezi minne. Kampuni nyingine zote zikaanza kukimbizana na soli nene. Mtu mmoja wa Bonde la Ufa na wataalamu waliokuwa wanamsikiliza wakabadilisha viatu vya dunia nzima, mpaka vya wale wanaokimbia Jumapili ili wapige selfie.

Neno la kushika hapo ni "wanamsikiliza". Mkimbiaji akisema hapa pananibana, au kilomita ya thelathini kisigino kinachoka, kuna mtu anaandika. Wiki ijayo kiatu kinarudi kimebadilika. Balozi wa bidhaa wa kwetu huwa hapewi karatasi ya kuandika maoni. Anapewa karatasi ya kusoma.

Wakenya wengine waliona pengo lililobaki. Navalayo Osembo na mwenzake wakaanzisha Enda, kiatu cha kukimbilia cha Kenya, wakachangisha hela mtandaoni mwaka 2016, na kiatu cha kwanza wakakiita Iten, kwa jina la mji wa wakimbiaji. Wazo lao lilikuwa jepesi: kama wakimbiaji bora wako hapa, kwa nini ujuzi wao uende ukauzwe na mtu wa mbali peke yake? Enda siyo Nike, na haitakuwa Nike kesho. Ila swali walilouliza ndilo Mtwara inatakiwa kuliuliza.

Tanzania nayo ina mtu wake. Alphonce Simbu, mwanajeshi kutoka Singida, Septemba 2025 alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia Tokyo kwa 2:09:48, muda ule ule na Mjerumani aliyemfuata, wakatenganishwa na picha. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo tangu yaanze. Siku ile kila kampuni ilikuwa na posti ya pongezi. Benki, simu, maji, bima, wote wana picha yake na nembo yao pembeni. Wengi walikuwa wapi kabla? Simbu hakutokea jana. Alikuwa wa tano Rio 2016, akashinda Mumbai Januari 2017, akachukua shaba ya dunia London mwaka huo huo, akawa wa pili Boston Aprili 2025. Miaka karibu kumi mtu anaonekana, halafu watu wanamposti siku amefika. Kuposti ni bure, ndiyo maana foleni ilikuwa ndefu.

Haya, turudi nyumbani Kusini.

Ndanda FC, Wana Kuchele, walipanda Ligi Kuu mwaka 2014 wakashuka 2020. Miaka ile Simba au Yanga ikishuka Nangwanda Sijaona, mji unafungwa. Mabango yanapandishwa, vibanda vya laini za simu vinasimama mpaka barabarani. Ndanda ikashuka, na mabango yakashuka nayo, kana kwamba vipaji vilipanda basi vikaondoka. Havikuondoka. Nenda uwanja wowote wa mchanga Mtwara saa kumi na moja jioni uhesabu. Mabeki wa pale wanaijua njumu kuliko muuzaji wake. Wanajua ipi inaachia gundi kwa jua la Novemba, ipi meno yake hayashiki mchanga, ipi ya mtumba inadumu kuliko mpya ya dukani. Duka la vifaa vya michezo likiwakalisha vijana watano kwenye benchi kwa saa moja, likawanunulia soda na kuwalipa muda wao, litajua liagize nini kabla ya kontena kuondoka China. Badala yake mzigo unakuja kwanza, halafu ndipo anatafutwa staa wa kuusukuma.

Na mjuzi siyo lazima awe na jezi. Vuka na pantoni mpaka Msanga Mkuu, au nenda mbali zaidi Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Pale kuna wazamiaji ambao pumzi zao zingemtoa mtu mzima machozi, kuna akina mama wanaochokoa pweza maji yakitoka, kuna manahodha wanaosoma kusi na kaskazi bila programu ya simu. Hawa wanaishi na chumvi na jua siku nzima. Wanajua tochi ipi inaingia maji, simu ipi inakufa ikirushiwa wimbi moja, miwani ipi inavuja. Halafu kampuni ya simu inataka kuuza simu "isiyoogopa maji", inamtafuta mtu wa kuiingiza kwenye bwawa la hoteli. Bwawa la hoteli! Bahari Hindi yote ipo pale, na watu wake wapo.

Lakini kinachouma zaidi ni mabibo.

Kila mtu wa Mtwara anajua, ila kwa wa mbali: korosho inaning'inia chini ya tunda linaloitwa bibo. Tunda hilo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Korosho inang'olewa, inaenda ghalani, inaenda mnadani, na nyingi inapanda meli ikiwa ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Bibo linabaki chini ya mkorosho. Kiasi fulani kinakuwa uraka, wazee wanachangamka, mengine yanaoza kwa tani. Linaharibika ndani ya siku moja au mbili, lina ukakasi, na juisi yake ikidondokea shati jeupe, shati limekwisha.

Nje kidogo ya mji, Naliendele, kuna kituo cha utafiti cha TARI ambacho kinabeba utafiti wa korosho wa nchi nzima. Wataalamu wake wanajua kupunguza ukakasi. Wanajua kutoa juisi, jamu, mvinyo kutoka kwenye bibo, na wamefundisha vikundi vya akina mama mambo hayo kwa miaka. Yaani ujuzi upo kilomita chache kutoka stendi. Dunia ya leo vijana wamechoka makopo ya kemikali, wanatafuta vinywaji vya matunda halisi, vyenye hadithi ya mahali. Kuna mbio zinaitwa Korosho Marathon, zinakimbiwa Mtwara hapo hapo, chini ya Bodi ya Korosho. Sasa hesabu ni ngumu kiasi gani? Mtaalamu wa Naliendele anatengeneza kinywaji. Wakimbiaji na wachezaji wa mkoa wanakinywa mazoezini miezi mitatu, wanasema ukweli: sukari imezidi, tumbo linajaa, punguza hapa. Kinarekebishwa, kinapimwa na TBS, na siku ya mbio kinakuwa mezani mwisho wa barabara. Hapo hata bango halihitajiki.

Kinachofanyika sasa ni kwamba mchezaji mmoja maarufu anashika kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukigusa kabla ya mechi. Anajua moyo wake utakavyodunda. Na mwingine, huyu alishastaafu, sasa hivi anauza dawa za nguvu za kiume kwenye ukurasa wake, na ukisoma maelezo unagundua maneno hayo hayo yameposti pia kwa mchekeshaji na kwa msanii wa singeli. Watu wazima watatu wenye tatizo moja na uandishi mmoja. Hapo ndipo imani inapokufa. Kijana wa leo ana simu mkononi tangu akiwa darasa la tano, anaunusa uongo kabla video haijafika sekunde ya nne.

Mameneja masoko wana utetezi wao, na siyo wa kijinga wote. Wanasema mwanamichezo ni hatari: anaumia, anashuka kiwango, anahama. Mayele huyo huyo mwaka 2023 aliondoka akaenda Pyramids ya Misri, na aliyekuwa amechapisha fulana za kutetema alibaki nazo. Kweli. Lakini hiyo ni hasara ya aliyenunua sura. Aliyenunua ujuzi hapotezi kitu mchezaji akihama, kwa sababu alichoambiwa kuhusu bidhaa kinabaki ndani ya bidhaa. Soli iliyorekebishwa haivunjiki mkataba.

Wanasema pia mtu wa Mtwara hana wafuasi. Hilo nalo lilishajibiwa na kijana wa Chitoholi. Watu wa Dar walizoea kulitania jina la Wamakonde, kila kichekesho kuna Mmakonde ndani. Harmonize akalichukua jina lile lile akajiita Konde Boy, akatoka Wasafi mwaka 2019, akasimamisha lebo yake na kuipa jina la Konde. Leo vijana wasiojua hata Newala iko wapi wanavaa kofia yenye neno hilo. Hakusubiri mtu wa chapa amwambie Umakonde utakuja kubamba. Na kwa taarifa tu, sindimba ilikuwa inakata mauno kabla babu wa aliyetengeneza TikTok hajazaliwa.

Suala la malipo sasa, maana hapo ndipo pazuri panapoharibika. Kijana wa Kusini akiitwa kwenye shughuli ya kampuni, mara nyingi analipwa fulana, kofia, na ahadi kwamba "utapata kujulikana". Anatoa wazo, anaonyesha mtindo, anarekodiwa, na baada ya miezi miwili anauona mtindo wake kwenye tangazo la nchi nzima ukichezwa na mtu mwingine. Hana karatasi, hana pa kwenda. Waliokuwa na karatasi walionyesha njia: mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe AY na Mwana FA shilingi bilioni 2.18 kwa kutumia nyimbo zao mbili bila ridhaa. Bilioni mbili! Wale walikuwa na majina, na wanasheria, na walijua haki yao. Beki wa Nangwanda anayejua njumu kuliko muuzaji hana kati ya hivyo vitatu hata kimoja.

Kwa hiyo kampuni inayotaka kuwahi ianzie hapo, kwenye karatasi. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, siyo kumi na mbili za Kiingereza zinazosainiwa juu ya boneti ya gari. Iandikwe mtu analipwa kwa kujaribu bidhaa na kusema ukweli, hata ukweli ukiwa kwamba bidhaa ni mbovu. Iandikwe kiasi, na tarehe ya hela kuingia. Iandikwe wazo lake likitumika analipwa tena. Kwa bei ya staa mmoja wa siku moja, pamoja na ndege, hoteli na walinzi wake wawili ambao huwa hawafanyi chochote zaidi ya kusukuma watoto, kampuni inaweza kuwalipa wajuzi ishirini wa Mtwara kwa msimu mzima.

Kwa sasa wanaoulizwa bado ni wachache sana, na fulana wanazolipwa huwa ni saizi ya L kwa wote.